Nilivyofungua kadi ya mkopo ili nipate tiketi ya kwenda Moshi, na makosa yangu yote

Nianze na hili, mi si mtaalamu wa pesa, ni mtu wa shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee huku Maryland, na hii habari ya kadi za pointi, zile za mkopo ambazo benki inakupa pointi ukizitumia na pointi unazigeuza tiketi ya ndege, nimejifunza kwa kuumia kidogo kidogo. Kuna ndugu wengi wananiuliza "dada hivi ile tiketi ulipataje", nikianza kueleza kwenye simu inakuwa saa nzima, sa nimeona bora niandike mara moja.

Wanaotoka kwetu wanajua, Mchagga na Desemba. Ukikaa miaka mitatu hujaenda nyumbani Desemba mama anaacha kukuuliza utakuja lini, anakuuliza kama bado upo. Tatizo tiketi za Desemba toka Washington mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, zinapaa bei kama zimesikia unakuja, mwaka 2021 niliangalia nikaona zaidi ya dola 2,000 mtu mmoja, nikafunga simu nikaenda kuoga.

Mimi nilikuja 2017, sina historia yoyote ya mkopo, na kwa mtu aliyekulia kwetu mkopo ni daftari la Mangi dukani, unaandikiwa sukari na mafuta ya taa, mwisho wa mwezi baba anapita kulipa, na Mangi akikunyima unajua umeshaharibu jina. Huku ni hivyo hivyo ila daftari liko kwenye kompyuta na linasomwa na kila mtu. Nilianza na ile kadi ya dhamana, unaweka dola 200 zako benki halafu wanakukopesha dola 200 hizo hizo zako, nilicheka sana siku ya kwanza, yaani nakopeshwa hela yangu. Lakini nililipa kila mwezi, na kufikia 2022 alama zangu zilikuwa zimepita 740 kwenye ile hesabu yao inayoanzia 300 mpaka 850. Hapo ndo barua zikaanza kuja kwenye sanduku, kila wiki benki inaniita "umechaguliwa".

Sasa ile kulinganisha. Nilikuwa nafanya usiku, wazee wamelala, mi na simu. Nilibaki na kadi tatu. Chase Sapphire Preferred, ada ya mwaka dola 95, wakati ule bonasi ilikuwa pointi 60,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Capital One Venture, ada dola 95 hizo hizo, dola 4,000 hizo hizo, miezi 3 hiyo hiyo, lakini wanakupa maili 75,000. Na Amex Platinum, ile ya chuma, ada wakati ule dola 695 kwa mwaka, bonasi 80,000 ukitumia dola 6,000 ndani ya miezi 6.

Platinum niliitoa haraka. Watu wanaisifia launji za uwanja wa ndege, na vocha za teksi, na sijui hoteli. Mi nasafiri mara moja kwa miaka miwili nikiwa na begi mbili za kilo 23 zimejaa nguo za watu na vitamini za mama, launji nitaingia lini. Ukianza kuhesabu vocha ambazo usingenunua kile kitu kama si vocha, umeshaanza kujidanganya mwenyewe. Kwa anayeruka kila mwezi sawa, inalipa.

Zikabaki mbili za dola 95. Kwa macho tu 75,000 inashinda 60,000, si ndio? Na ile Venture inakupa maili 2 kwa kila dola popote utakapotumia, kwa hiyo ukimaliza dola 4,000 zako una nyingine 8,000 juu, wakati Sapphire inakupa 3 ukila mgahawani, 2 kwenye safari, na 1 kwa mambo mengine mengi, na mi mgahawani siendi. Kwa hesabu hiyo nilikuwa nimeshaamua. Ndo kuna kaka mmoja Mhabeshi tunafanya naye kazi akaniuliza swali moja tu: hizo pointi zinaingia kwenye ndege gani? Nikamwambia si ni pointi, zinaingia popote. Akanicheka.

Kumbe pointi za benki zenyewe si tiketi. Unaweza kuzitumia kwa kununulia tiketi kupitia benki, wakati ule kila pointi ilikuwa kama senti moja au senti moja na robo, 60,000 kwa senti moja na robo ni dola 750, inasaidia lakini tiketi ya Desemba haimalizi. Utamu upo kwenye kuzihamisha kwenda kwenye klabu ya maili ya shirika la ndege, na kila benki ina mashirika yake. Chase wanahamisha kwenda United, Capital One hawahamishi United. Wote wawili wanahamisha kwenda Aeroplan ya Air Canada na kwenda Flying Blue ya Air France na KLM. Sasa wewe mtu wa Moshi unasema Air Canada inanihusu nini, haifiki KIA. Haifiki, lakini Air Canada na United wako kwenye umoja mmoja na Ethiopian Airlines, ule wa Star Alliance, Ethiopian waliingia Desemba 2011, kwa hiyo maili za Air Canada zinakununulia kiti cha Ethiopian toka Dulles, uwanja wa ndege wa Washington, mpaka Addis, na Addis mpaka KIA. Mi nilikaa na hiyo habari siku mbili nikiwa siamini, maili za Wakanada zinanipeleka kwa mama kwa ndege ya Wahabeshi.

Alafu kuna habari ya tozo, na tozo nyie mnaijua. Kiti cha pointi si bure kabisa, kuna kodi, na baadhi ya mashirika wanaongeza na tozo yao ya mafuta juu. United na Aeroplan hawakutozi hiyo ya mafuta, ukitoka Marekani kwa maili za United unaweza kukuta ni ada ya usalama dola 5.60 na visenti vingine. Flying Blue wanaweka tozo yao, na British Airways ndo wanajulikana kabisa, unaweza kukuta kiti cha "bure" kina mamia ya dola pembeni. KLM inatua KIA vizuri tu, ni ndege nzuri, lakini ukipiga hesabu usiangalie pointi peke yake.

Kwa hiyo nikatoka kwenye swali la kadi ipi ina pointi nyingi nikaenda kwenye swali la kiti kipi kinafika KIA, halafu nikarudi nyuma mpaka kwenye kadi. Nilichukua mojawapo ya zile za dola 95. Sitasema ipi, maana makosa yanayofuata ni yangu na sitaki ionekane nailaumu benki ya watu.

Tarehe 19 Septemba 2022 wakaniidhinisha. Kadi yenyewe ikafika tarehe 28. Kumbuka hizo tarehe.

Dola 4,000 kwa miezi 3 kwa mtu kama mimi si mchezo. Kodi ya nyumba ingemaliza yote lakini mwenye nyumba ukilipa kwa kadi wanakuongezea karibu asilimia 3, na kodi ya miezi mitatu hiyo inakula bonasi. Nikalipa bima ya gari ya miezi 6 kwa mkupuo, dola 640, ambayo kawaida nalipa kwa mwezi. Chakula na mafuta ya gari vyote kwenye kadi. Nikawa naenda polepole, mwanzoni mwa Novemba nilikuwa sijafika hata nusu.

Ndo ukatokea msiba.

Dada mmoja wa jamii yetu hapa alifiwa na baba yake, Jumanne usiku. Waliokaa huku wanajua inavyokwenda, kundi la WhatsApp linafunguliwa saa hiyo hiyo, mweka hazina anachaguliwa, ahadi zinaanza kuandikwa. Mfiwa alikuja kwangu manake mi naishi karibu na barabara ya kwenda uwanja wa ndege, akakaa kwenye kochi na begi lake limefungwa hata hana tiketi bado. Mazishi Jumamosi. Tiketi ya kesho yake ilikuwa dola 1,980. Ahadi kwenye daftari zilikuwa zimefika dola 2,300 lakini mkononi kulikuwa na dola 400. Watu wakaangaliana. Nikasema mi nitaweka kwenye kadi yangu, michango ikiingia mnirudishie kwa Zelle, ile ya kutumiana hela benki kwa benki kwenye simu.

Na nilisema kwa moyo mzuri kabisa. Ila nikiwa naingiza zile namba 16 za kadi kwenye simu, yule dada analia pembeni yangu, nimemshika mkono kwa mkono wa kushoto, kichwani nikajikuta napiga hesabu: hii 1,980 inanipeleka nusu. Nusu ya bonasi kwa usiku mmoja. Sijui kama kuna mtu mwingine imemtokea, ila niliona aibu peke yangu pale, nikamtengenezea chai ambayo hakuinywa. Sikuwahi kumwambia. Kama anasoma hapa atajijua, na anisamehe.

Wazee walisema kukopa harusi kulipa matanga, mi nilikopa kwenye matanga kwenyewe. Bili ya kadi ikaja mwisho wa Novemba. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inawalazimisha wakupe angalau siku 21 toka stetimenti itoke mpaka siku ya kulipa, nikasema siku 21 ni nyingi. Michango iliyoingia ilikuwa dola 1,600. Dola 380 ilikuwa bado ni maneno, "dada nikilipwa Ijumaa", "dada nilisahau naweka leo". Sasa uwadai watu hela ya msiba? Hudai. Nilichukua shifti mbili za ziada nikalipa bili yote, sikuacha hata senti. Dola 50 ya mwisho ilifika Februari, na ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikajibu hakuna shida, na kweli haikuwepo tena.

Kwa nini nilikazana kulipa yote? Kwa sababu ya Mkenya mmoja tunafanya naye kazi, alifungua kadi kama yangu miezi michache kabla yangu, akatafuta kufikisha zile dola 4,000 kwa kununua televisheni kubwa na kochi, bonasi akapata, lakini dola 4,000 zikabaki pale akawa analipa kile kiwango cha chini tu. Kwenye riba ya asilimia 25 kwa mwaka hiyo ni kama dola 83 kila mwezi za riba tupu. Mwaka ukiisha ni karibu dola 1,000, na bonasi yenyewe haifiki huko. Aliniambia mwenyewe, "sister, hiyo TV ndiyo ilienda holiday."

Kosa langu kubwa lenyewe linakuja hapa. Mwanzoni mwa Desemba nilikuwa na kama dola 3,740. Nikawa natakiwa kumtumia mama dola 300 ya sikukuu, kila mwezi natuma kwa apu kutoka kwenye akaunti ya kawaida, nikaona pale chini kuna sehemu ya kulipa kwa kadi ya mkopo. Nikaona nimekuwa mjanja, mama anapata hela yake, mi napata 300 zangu kwenye hesabu, jumla 4,040, nimemaliza. Nikabonyeza. Mama akapokea kwenye simu yake ndani ya dakika, akanipigia kushukuru, tukaongea habari za ng'ombe.

Wiki moja baadaye bonasi haionekani nikapiga simu benki tarehe 15 Desemba. Mama mmoja mstaarabu kabisa akanisomea: ile ya kutuma hela wameihesabu kama umechukua keshi kwenye kadi. Keshi ina ada yake, asilimia 5, dola 15 hapo hapo, riba inaanza siku hiyo hiyo bila kusubiri zile siku 21, haipewi pointi, na haihesabiki kwenye dola 4,000. Kwa hiyo bado una 3,740. Nikamwambia sawa, nina mpaka tarehe 28. Akasema hapana ma'am, miezi 3 inahesabiwa toka siku uliyoidhinishwa, si siku kadi ilipofika. Ni tarehe 19. Siku nne.

Nilikaa kwenye gari kwenye paking ya kazini nikacheka na kukasirika kwa pamoja. Dola 260 kwa siku nne. Ingekuwa rahisi kwenda kununua kitu chochote kwenye duka kubwa nimalize, na hapo ndo wengi wanapotea. Mimi Corolla yangu ilikuwa na matairi yamekwisha kabisa, fundi alishaniambia toka Oktoba nikamwambia nitakuja. Kesho yake asubuhi nikitoka shifti nikaenda moja kwa moja, matairi manne na kufunga, dola 412. Bonasi iliingia Januari baada ya stetimenti kufungwa.

Ungedhani hapo nimemaliza, kumbe kupata pointi ni nusu ya kazi. Viti vya pointi kwenye ndege ni vichache na vinaanza kuonekana karibu miezi 11 kabla ya safari. Mi nilikuwa nazo Januari 2023, nikakaa nazo, nikaanza kuangalia Agosti. Agosti kwa safari ya Desemba ni kama kwenda sokoni Mbuyuni saa kumi na mbili jioni. Nikazunguka usiku mwingi nikakuta kiti kimoja tarehe 12 Desemba, mapigo ya moyo yakapanda, nikahamisha pointi fasta toka benki kwenda kwenye maili, dakika chache zikaingia, nikabonyeza kununua, wakasema kiti hakipo. Nikarudia. Hakipo. Kinaonekana lakini hakipo, wenyewe wanaviita viti vya mzimu. Na pointi ukishahamisha hazirudi benki, hata ulie. Sasa hivi nampigia kwanza mtu wa shirika la ndege kwenye simu, namuuliza unakiona hicho kiti na wewe, akisema nakiona ndo nahamisha.

Maili zikabaki zimekwama kule. Mwisho nikapata tarehe 28 Novemba, Dulles, Addis, KIA, elfu arobaini na kitu kwenda tu. Za kurudi zilipungua, nikanunua kwa hela dola mia tisa na kitu, na hapo pia nikajifunza tiketi ya upande mmoja haikai kwenye nusu ya bei ya kwenda na kurudi, mara nyingi inazidi. Nikipiga hesabu vizuri, toka dola 2,000 na kitu nilitumia chini ya elfu moja, toa ada ya 95, toa ujinga wa keshi. Si bure. Ni nafuu. Na Krismasi nilikuwa nimesharudi kazini namgeuza mzee kitandani, kila mtu wa kwetu anaposti picha za mbege.

Mama alikuja KIA mwenyewe na binamu yangu. Nikampa shikamoo, cha kwanza kabisa ananiuliza, mwanangu umelipa shilingi ngapi ndege. Nikamwambia mama, kwenda sikulipa, ni pointi. Pointi ndo nini? Nikamweleza njia nzima toka KIA mpaka Moshi mjini, benki, kadi, Wakanada, Wahabeshi, bima ya gari, matairi. Ule msiba nikauruka. Akanyamaza mpaka tumeshapita mjini, karibu na Himo barabara inapogawanyika, akasema aah, ni nyongeza. Kama nyanya. Ukinunua sado mbili anakuongezea tatu juu. Nikamwambia ndio mama. Akasema na yule wa nyanya naye anajua anapozirudishia.

Ya matumizi nikiwa kule niseme kidogo. Kadi yangu ya zamani 2019 ilinikata asilimia 3 kila nilipoigusisha Tanzania, hizi za safari hazikati. Mashine ikikuuliza dola au shilingi, bonyeza shilingi. Lakini ukweli Moshi nilitumia kadi mara mbili tu, hotelini na supamaketi, kwingine kote ni M-Pesa na keshi kama siku zote.

Sasa tumekaa na mume wangu mezani juzi tunaangalia yeye achukue ipi, manake bonasi ni ya mtu, si ya nyumba, na mi nikimpendekeza naongezewa kidogo. Nikamwambia orodhesha kadi zote ulizofungua miaka miwili. Akasema moja. Nikafungua droo. Kumbe kila duka la nguo lililomwambia "fungua kadi leo upate punguzo la asilimia 20" alifungua, na duka la fanicha, na la simu, jumla nne. Chase wanajulikana kwa hiyo, ukiwa na kadi tano mpya ndani ya miezi 24 za benki yoyote, hawakupi, na za maduka mengi nazo zinahesabika. Bado moja tu awe nje, kwa punguzo la viatu. Nimezikusanya zote nimezifungia kwenye bahasha, na mbili zinatoka kwenye hesabu Machi.

Ada ya mwaka ya kwangu inakatwa tarehe 19 mwezi ujao tena. Nimeweka alamu siku tano kabla, nipige simu niulize kama wananibadilishia ile isiyo na ada, na yule mama mstaarabu nikimpata yeye itakuwa vizuri.